Jina la blogu ni neno: Lipime kwa mizani ya Kiswahili kabla ya kulisajili

Siku hizi si ajabu kumsikia mwalimu, mkulima, muuguzi au hata shangazi aliyestaafu akisema kwamba anaanzisha blogu. Ni jambo la kupongezwa. Kiswahili kinahitaji waandishi wanaojitegemea, wasiosubiri mhariri wala mchapishaji awafungulie mlango. Hata hivyo, kuna hatua moja ambayo wengi huipita mbio kana kwamba ni kujaza fomu ya malipo tu. Hatua hiyo ni kuchagua na kusajili jina la blogu kwenye mtandao, yaani ile anwani anayoiandika msomaji ili afike. Wakifika hapo, wengi humwachia fundi wa kompyuta kila kitu. Fundi naye ana maswali mawili: jina lipo au limeshachukuliwa, na ni shilingi ngapi? Swali la tatu, ambalo kwangu mimi lingekuwa la kwanza, haliulizwi: je, jina hili ni Kiswahili?

Dai langu katika makala haya ni kwamba jina la blogu ni neno kabla halijawa anwani, na kwa hivyo linastahili kupimwa na mjuzi wa lugha kabla ya kupimwa na mashine. Masharti ya mashine yalibuniwa na watu waliokuwa wakiwaza kwa Kiingereza. Yakikutana na Kiswahili huzua matatizo ambayo miongozo iliyoandikwa kwa Kiingereza haiyataji, maana waandishi wake hawakuwahi kuyaona. Wakati huohuo, Kiswahili kina uwezo fulani katika jambo hili ambao wenyewe tumeupuuza. Hebu tuyaangalie yote mawili.

Kikoa si kikoi

Tuanze na istilahi. Kile ambacho vijana wetu hukiita domeini kina jina ambalo watafsiri wa programu za kompyuta wamelitumia kwa miaka kadhaa sasa: kikoa. Anwani yenyewe huitwa jina la kikoa. Nimewasikia watu wakilicheka neno hili, wengine wakilichanganya na kikoi, lile vazi la Pwani. Cheko hilo halina msingi. Katika Kiswahili cha tangu jadi, kula kikoa ni kula kwa ushirika, watu wakipokezana zamu ya kutoa chakula. Dhana ya ushirika ndiyo kiini cha neno hili. Majina yote yanayoishia kwa .ke yamo katika kikoa kimoja: yanashiriki mwisho mmoja na kutunzwa katika daftari moja. Ni vigumu kupata neno lenye mizizi inayofaa kuliko hiyo.

Historia yake si ndefu. Kabla ya 1983, majina ya kompyuta chache zilizokuwa zimeunganishwa huko Marekani yaliorodheshwa katika faili moja iliyotunzwa na taasisi ya Stanford Research Institute, California. Aliyetaka jina jipya alilazimika kuwasiliana na ofisi hiyo. Orodha ilipozidi kurefuka, mtaalamu Paul Mockapetris akabuni mfumo wa majina ya vikoa, ambao uligawa kazi hiyo ili kila kikoa kiwe na daftari lake. Jina la kwanza la .com, symbolics.com, lilisajiliwa tarehe 15 Machi 1985. Kenya ilitengewa .ke mwaka 1993, na leo daftari la majina hayo liko mikononi mwa shirika la KENIC. Tanzania ina .tz. Tangu 2017 pana pia .africa kwa bara zima.

Wahusika wa usajili huu ni watatu, na kwa Kiingereza majina yao yanafanana mno hata wenye lugha huyachanganya. Kiswahili kinaweza kuwatenganisha vizuri zaidi. Ofisi inayotunza daftari kuu ni masjala, neno ambalo kila karani wa serikali analijua. Kampuni inayokuandikisha kwa idhini ya masjala ni msajili. Wewe uliyeandikishwa ni mwenye jina. Mtu akiyashika maneno haya matatu hatababaishwa na fundi yeyote, na faida yake tutaiona baadaye.

Kuna jambo moja linaloniudhi kabla hatujafika kwenye jina lenyewe. Chini ya .ke tumewekewa matawi: .co.ke ya kampuni, .or.ke ya mashirika, .ac.ke ya vyuo, .sc.ke ya shule, .go.ke ya serikali, .me.ke ya watu binafsi. Vifupisho hivi vyote ni vya Kiingereza. Majirani zetu Watanzania, wanaoendesha ofisi zao kwa Kiswahili, nao wana .co.tz, .go.tz na .ac.tz. Je, ndivyo ilivyopaswa kuwa? La hasha. Wafaransa hutumia .gouv.fr kwa serikali yao, kifupisho cha neno la Kifaransa. Wameksiko hutumia .gob.mx kwa Kihispania. Indonesia ina .desa.id kwa ajili ya vijiji vyake, na desa ni neno lao la kijiji. Kumbe mashine haina kinyongo na lugha za watu! Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Sioni kinachozuia masjala yetu kutupa tawi la .shule.ke au .kijiji.ke. Hata hivyo, mwanablogu anayetaka jina fupi siku hizi anaweza kuyaruka matawi yote na kusajili jina linaloishia moja kwa moja kwa .ke.

Mashine haijui ritifaa

Sasa tufike kwenye jina lenyewe. Masharti ya kawaida ni haya: herufi za a hadi z, tarakimu, na kistari kifupi kisichokaa mwanzo wala mwisho. Kila kipande kati ya nukta na nukta kisizidi herufi 63. Hakuna nafasi kati ya maneno. Herufi kubwa na ndogo ni mamoja. Ritifaa hairuhusiwi.

Kwa Mwingereza, sharti hilo la mwisho ni usumbufu mdogo. Kwa Mswahili ni pigo, kwa kuwa ritifaa katika ng' ni sehemu ya herufi. Sauti ya kwanza katika ng'ombe si ile ya kwanza katika ngoma, na ritifaa ndiyo pekee inayotuonyesha hivyo. Iondoe uone. Kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Ngoa ni wivu au tamaa. Tuseme kikundi cha waandishi chipukizi kinataka kuiita blogu yake Ng'ara. Jina zuri, fupi, lenye matumaini, na linaloafikiana na methali isemayo jina jema hung'ara gizani. Likisajiliwa linakuwa ngara. Kwa Mkenya, Ngara ni mtaa wa Nairobi. Kwa Mtanzania, ni wilaya mkoani Kagera. Msomaji atakuja akitafuta nyumba ya kupanga!

Kaunti ya Murang'a imekwisha kukumbana na hali hii: anwani yake rasmi inaandikwa muranga.go.ke. Haikuwa na njia nyingine. Tatizo ni kwamba anwani huonekana kila mahali, kuanzia mabango hadi barua na magari, na jicho la mtoto wa shule huzoea kile linachokiona. Walimu wa Kiswahili hawahitaji kuelezwa ni wanafunzi wangapi huandika ngombe na ngangana katika insha zao. Uandishi wa arafa za simu ndio uliotangulia kuiua ritifaa, na anwani za mtandao zinaizika.

Nifanyeje basi? Ushauri wangu ni kwamba kama una hiari, chagua neno lisilo na ng'. Kiswahili hakina uhaba wa maneno. Mtu wa Ng'ara angeweza kupata Nuru, Mwanga, Angaza au Waka. Ikiwa jina lenye ng' ndilo lako la ukoo au la kwenu na huwezi kulikwepa, kubali anwani iikose ritifaa, lakini kichwa cha blogu na kila makala yaandikwe kwa ukamilifu. Usijaribu kuziba pengo kwa kistari. Ng-ara inaigawa silabi isiyogawika na haimsaidii yeyote.

Maneno yakigandana

Tatizo la pili linatokana na kukosekana kwa nafasi. Katika Kiswahili, viambishi na maneno mafupi hujiunga kwa urahisi, na neno moja likikaa bega kwa bega na jingine linaweza kuzaa la tatu ambalo hukulitarajia. Chukua wanawake. Je, ni wanawake au ni wana wake? Mfano huo ni wa darasani tu. Sasa tuseme kijana anataka kuanzisha ukurasa wa kutangaza nafasi za ajira na kuuita Kazi Kwetu. Akiandika jina hilo bila nafasi anapata kazikwetu. Lisome tena polepole, ukilikata mahali pengine: kazikwe tu. Mtu asiye na ajira amekuja kutafuta riziki, naye anaambiwa akazikwe! Mzaha huu ungesambazwa kwenye simu za watu kabla ya tangazo la kwanza la kazi.

Irabu nazo zina mambo yake. Neno sanaa linaishia kwa irabu mbili, na Afrika inaanza kwa irabu ileile. Yakiunganishwa yanakuwa sanaaafrika, a tatu mfululizo. Ni wasomaji wangapi wataandika zote tatu? Wengi wataandika mbili, nao watafika kwa mtu mwingine au wasifike kokote. Tukumbuke kwamba katika lugha yetu irabu moja na irabu mbili si kitu kimoja: kukata si kukataa, na sana si sanaa. Kanuni nyepesi ni kuyachunguza maungio. Neno la kwanza likiishia kwa irabu ileile ambayo la pili linaanza nayo, tafuta jingine.

Wapo wanaokimbilia kistari, wakaandika kazi-kwetu. Kinamsaidia anayesoma, lakini kinamtesa anayesikia. Ukiitwa redioni kuitangaza blogu yako, itakubidi kila mara useme "kazi, kistari, kwetu", na msikilizaji aliye ndani ya matatu atakisahau kistari hicho kabla ya kushuka. Njia bora ni kutumia herufi kubwa unapoliandika jina kwenye kadi au bango: KaziKwetu, kama kweli umeng'ang'ania jina hilo. Mashine haitajali, lakini jicho litajua pa kukata. Shirika la HakiElimu la Tanzania limefanya hivyo tangu zamani.

Hapa ndipo tunapoiona fadhila moja kubwa ya Kiswahili. Tahajia yetu hufuata matamshi kwa kiwango ambacho Kiingereza hakiwezi kukiota. Mzungumzaji wa Kiingereza akitaja jina la tovuti hewani mara nyingi hulazimika kulitaja herufi kwa herufi, maana sauti moja inaweza kuandikwa kwa namna tatu. Anayesikia jikoni au shambani kwa Kiswahili anaandika alichosikia, na anafika. Nasema "mara nyingi" kwa sababu sisi Wakenya tuna udhaifu wetu. Wapo wanaochanganya dh na th, wengine r na l. Hadithi ni neno linalopendwa na waandishi wa ngano, lakini baadhi ya wasomaji wataliandika hadidhi au hadisi. Kwa hivyo jina likishachaguliwa, lijaribuni. Litamke mbele ya watu watano wa lahaja na lugha za kwanza tofauti, uwape karatasi waliandike. Wakiliandika sawa wote, umepata jina.

Ngeli, mpangilio na kiunganifu

Tatizo la tatu ni letu wenyewe wala mashine haina lawama. Ni sarufi. Kosa huanza na mpangilio wa maneno. Utaona jina kama Bora Afya, mwenyewe akidhani amesema afya iliyo bora. Huo ni mpangilio wa Kiingereza uliovaa kanzu. Tena mpangilio huo hubadilisha maana. Katika Kiswahili, bora likitangulia huwa na maana ya afadhali: bora afya kuliko mali. Afya bora ni sifa. Bora afya ni ulinganisho unaosubiri kumalizika. Msomaji anabaki akijiuliza, bora afya kuliko nini?

Kisha kuna ngeli. Mitaani Nairobi, shamba yangu husikika mara nyingi kuliko shamba langu. Mkulima akiisajili blogu yake kwa jina la shambayangu, amelichonga kosa kwenye jiwe, kwani jina la kikoa halirekebishwi kama makala. Ukitaka kulibadilisha unasajili jipya na kuanza upya kutafuta wasomaji. Lakini tuwe wakweli: akisajili shambalangu, wasomaji wake wengi watajaribu shambayangu, na mjanja mmoja anaweza kulisajili hilo akawapokea. Huu ni mtanziko halisi, na hausuluhishwi kwa mwalimu kupiga meza. Mwenye uwezo na asajili yote mawili, kisha lile la makosa lielekezwe kwenye lile sanifu. Jina sanifu liwe nyumba, jina la makosa liwe kichochoro cha kufikia nyumbani. Asiye na uwezo na achague jina lisilohitaji upatanisho wa kisarufi, kama vile Shambani. Neno moja, kiambishi kimoja cha mahali, hakuna wa kukosea.

Wapo watakaosema kwamba hata HakiElimu ni kosa, ati ilipaswa kuwa haki ya elimu. Siafikiani nao. Kuacha a-unganifu hakukuanza na mtandao. Tuna fundi saa, askari kanzu, mbwa mwitu na bata mzinga, na hatujawahi kuwashtaki waliozibuni nomino hizo. Kiswahili huruhusu nomino mbili kuungana pale ya pili inapoieleza ya kwanza. Kinachokatazwa ni kuipindua jozi hiyo, ya pili ikatangulia, kwa kuwa tu Kiingereza hufanya hivyo. Mhakiki anayekosoa kila kitu mwishowe haaminiwi hata akikosoa kwa haki.

Kitenzi kimoja, sentensi nzima

Nimesema Kiswahili kina uwezo tulioupuuza. Uwezo huo upo katika kitenzi. Lugha nyingi za Ulaya zinahitaji maneno mawili au matatu kusema kile ambacho Kiswahili hukisema kwa neno moja, tena bila nafasi wala alama yoyote ya kuisumbua mashine. Ndesanjo Macha, mmoja wa waasisi wa kublogu kwa Kiswahili, aliiita blogu yake Jikomboe. Herufi nane tu, lakini ndani yake mna anayeamrishwa, mna tendo, na mna kirejeshi kinachoonyesha kwamba mtenda ndiye mtendwa. Ni sentensi kamili, na ni wito. Shirika la Twaweza limefanya vivyo hivyo: nafsi, wakati na uwezo katika herufi saba. Sikika ya Dar es Salaam, inayotetea masuala ya afya, imetumia kauli ya kutendeka, ambayo inaagiza na kuahidi kwa pamoja.

Nomino moja iliyochaguliwa vyema nayo hutosha. Mwaka 2008, Wakenya wachache waliotaka kukusanya taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi waliiita tovuti yao Ushahidi. Neno hilo limekwenda mbali, likatajwa na watu ambao hawajui neno jingine lolote la Kiswahili, wala halikuhitaji kutafsiriwa ili likubalike. Kabla yake kulikuwa na Mzalendo, tovuti ya kufuatilia utendaji wa wabunge wetu. Anayedai kwamba jina la Kiswahili litamfungia soko la nje azingatie mifano hii miwili.

Tena kutafuta jina fupi la kuandikwa hadharani si jambo geni kwetu. Maandishi yaliyo kwenye kanga huitwa jina. Kwa zaidi ya karne moja wanawake wa Pwani wamechagua kanga kwa jina lake, wakijua kwamba maneno machache yaliyo kwenye ukanda mwembamba yatasomwa na kila wanayepishana naye. Na si jina tu. Kanga za duka mashuhuri la Mombasa lililoanzishwa na Kaderdina Hajee Essak huandikwa pia "Mali ya Abdulla", ili ijulikane zimetoka kwa nani. Jina na mwenye jina, vyote kwenye kitambaa kimoja. Somo hilo la pili ndilo wanablogu wetu wengi hawajalishika.

Hununui, unakodi

Katika mazungumzo tunasema nimenunua jina. Kitenzi hiki kinapotosha. Aliyenunua shamba halipii tena kila mwaka kwa aliyemuuzia. Jina la kikoa hulipiwa kwa muda maalumu, kwa kawaida mwaka mmoja mmoja, hata.com haiwezi kulipiwa zaidi ya miaka 10 kwa mpigo. Muda ukiisha bila malipo, jina hurudi sokoni. Kwa .com kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada ya ziada kabla halijafutwa, na likishafutwa yeyote anaweza kulichukua. Kitenzi sahihi basi ni kukodi au, kwa lugha ya ofisi, kusajili. Hata kusajili kunahitaji uangalifu. Nchini Tanzania, kanuni za 2018 kuhusu maudhui ya mtandaoni ziliwataka wanablogu wapate leseni kutoka kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Hiyo ni habari nyingine kabisa. Kusajili jina ni kujiandikisha kwenye daftari la majina. Hakukupi leseni, wala leseni haikupi jina.

Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mwalimu wa shule ya upili, alianzisha blogu ya kuchambua riwaya na tamthilia zinazotahiniwa. Aliandika kwa miaka miwili, usiku baada ya kusahihisha madaftari, na walimu wenzake katika kaunti kadhaa wakawa wanawaelekeza wanafunzi huko. Jina alilisajiliwa na fundi. Fundi alilipa kwa simu yake mwenyewe, akaandika barua pepe yake mwenyewe, na kwenye daftari la masjala mwenye jina akawa yeye. Walipokosana juu ya bei, fundi alilishikilia jina. Makala yenyewe mwalimu alikuwa na nakala zake, lakini wasomaji hawakuwa na njia ya kujua alikohamia. Alianza upya kwa jina jingine, na alipokuja kuniona aliniambia kinachomuuma ni kwamba jina lilikuwa lake. Alilitunga mwenyewe, kwa Kiswahili safi. Alichokosa ni mstari mmoja kwenye daftari.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndiyo maana nilisisitiza yale maneno matatu: masjala, msajili na mwenye jina. Unaposajili, hakikisha kwamba nafasi ya mwenye jina imeandikwa jina lako wewe, na barua pepe ni yako, ile unayoifungua kila siku, kwa kuwa ndiko notisi ya kulipia mwaka mwingine hutumwa. Neno la siri lihifadhi mwenyewe. Tenganisha pia jina na nafasi ya kuhifadhia makala kwenye seva, ambavyo mafundi wengi huviuza kwa bei moja kana kwamba ni kitu kimoja. Jina ni kibao cha mlangoni. Seva ni nyumba. Mwenye kibao chake anaweza kuhama nyumba wakati wowote, na wageni wakaendelea kumfikia.

Kwa hivyo, ewe unayejiandaa kuanzisha blogu, usianzie kwa fundi. Kaa na kalamu na kamusi. Andika majina kumi. Futa yenye ng', futa yenye irabu zilizorundikana, futa yaliyopangwa Kiingereza. Yaliyobaki yaandike bila nafasi na uyasome kwa kuyakata kila mahali, uhakikishe hayajaficha tusi wala laana. Yatamke mbele ya watu. Likibaki moja, na hata yasipobaki mawili, nenda kwa msajili na ulipe kwa simu yako mwenyewe.